Huku ni Wapi?

Bibi alipoletwa Tunduma kutoka Kamsamba, miguu ikiwa imeshakataa kabisa, baba mdogo aliona chumba alichopewa kina ukuta mtupu. Akaenda kwa fundi anayechora mabango ya saluni na gereji, akamwambia: nichoree mandhari nzuri, ni ya mama yangu, atakuwa anaitazama kutwa. Fundi hakuuliza zaidi. Baada ya siku nne alileta ubao wa plaiwudi unaozidi mita moja. Kilimanjaro na theluji yake, mgunga mmoja wenye kichwa bapa kama meza, twiga wawili, maji ya buluu upande wa chini, jua linazama nyuma. Kazi safi, sikatai. Rangi zimekaa, twiga wana shingo za twiga, na lile jua linawaka kwelikweli.

Bibi aliitazama muda mrefu.

"Huku ni wapi?"

"Kilimanjaro, mama."

"Nani anakaa huku?"

Baba mdogo akacheka, akanitazama mimi niliyesoma. Sikuwa na jibu. Bibi akasema, "Pazuri," kwa sauti ile anayotumia kumsifia mtoto wa jirani, kisha akageukia dirisha, ambako hakukuwa na chochote zaidi ya malori yaliyopanga foleni kuvuka kwenda Zambia.

Tangu siku hiyo siwezi kutazama picha ya mandhari bila kusikia maswali hayo mawili. Na kwa kuwa humu tumezoea kupima vitabu, tukasema hiki kimeiva na hiki kimepwaya, leo nimeona nipime picha. Msomaji atanivumilia nikianzia mbali kidogo.

Wapo wataalamu wanaoamini kwamba suala la mandhari ipi inapendeza lilishaamuliwa zamani, kabla binadamu hajawa na ukuta wa kutundikia chochote. Mwaka 1975 mwanajiografia Mwingereza Jay Appleton aliandika kwamba tunapenda mahali panapotupa vitu viwili kwa pamoja: nafasi ya kuona mbali na maficho ya kujikinga. Uone usionekane. Baadaye mwanabiolojia Gordon Orians akasema mahali penyewe ni savana ya Afrika, kwa kuwa ndiko mababu wa watu wote walikokulia: nyasi fupi, miti iliyotawanyika, maji karibu, wanyama wa kuwinda. Mwaka 1982 John Balling na John Falk waliwaonyesha Wamarekani wa umri tofauti picha za maeneo ya aina tano, kuanzia jangwa hadi msitu wa mvua, na watoto wa miaka minane waliipenda savana ingawa hawakuwahi kuikanyaga. Mwaka 2010 wakachapisha utafiti kama huo kutoka Nigeria, kwa watu wanaoishi ukanda wa misitu, na savana ikashinda tena. Orians na mwenzake Judith Heerwagen walifika hadi kupima umbo la mti. Walichukua picha za migunga ya Kenya, wakawauliza watu wa Marekani, Argentina na Australia upi unapendeza. Uliopendwa ni ule wenye shina linalogawanyika karibu na ardhi na kichwa kilichotanda. Yaani mgunga wa fundi wetu, palepale.

Halafu wakaja wachoraji wawili waliohamia Marekani kutoka Moscow, Vitaly Komar na Alexander Melamid. Katika miaka ya 1990 waliagiza kura za maoni katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, wakiuliza watu wanataka picha ya namna gani: rangi ipi, ndani au nje, wanyama wa porini au wa kufugwa. Kisha wakachora walichoambiwa. Ilikuwa nusu utafiti, nusu mzaha. Karibu kila nchi ilitoka na kitu kilekile, mandhari ya buluu yenye maji, miti, na viumbe wawili watatu. Uholanzi peke yake, kati ya nchi za mwanzo, ilitaka picha isiyo na umbo la kitu chochote. Mwanafalsafa Denis Dutton alianza nalo jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2009, The Art Instinct, kama ushahidi kwamba savana tunayo ndani ya damu. Mhakiki Arthur Danto alikuwa ameshatoa maelezo mepesi zaidi: kalenda. Watu wakiulizwa kuhusu picha nzuri, alisema, wanakumbuka zile walizokwisha kuziona ukutani.

Hapa mimi niko na Danto, na ushahidi wangu uko umbali wa kutembea. Ingia gesti yoyote ya Tunduma, saluni, duka la vipuri, ofisi ya kubadilishia kwacha. Ukutani kuna kalenda. Sebuleni kwa watu kuna ile picha kubwa unayoijua vizuri: nyumba ya mbao kando ya ziwa, mlima wa theluji nyuma yake, maua mekundu mbele, na mstari wa Biblia kwa Kiingereza pembeni. Hiyo si savana. Hiyo ni Ulaya ya milimani, tena inauzwa kwetu kuliko savana yenyewe. Kama damu inatuvuta kwenye migunga, kwa nini mkazi wa Tunduma anatoa hela yake kununua misonobari?

Lakini kinachonisumbua zaidi katika hoja ya savana ni bibi mwenyewe. Kamsamba iko chini kwenye Bonde la Ufa la Rukwa. Ukitoka Mlowo unapita mashamba ya kahawa na mahindi ya Mbozi, kuna ubaridi, halafu barabara inaanza kushuka, masikio yanaziba, na joto linakupokea kama mlango wa tanuri. Chini huko kuna tambarare, miti iliyoachana, mpunga, Mto Momba unaelekea Ziwa Rukwa, na ukuta wa bonde umesimama kwa mbali, buluu. Kila alichokitaja Orians kipo. Bibi alizaliwa ndani ya ile picha ambayo dunia nzima inasemekana kuitamani, akaishi humo miaka yote aliyokuwa na miguu. Na alipowekewa mbele yake aliuliza ni wapi.

Kwa hiyo umbo peke yake halitoshi. Kuna kitu kingine, na ili nikieleze inabidi nimlete mtu aliyepita kwetu mwaka 1889 akiwa na jicho la mchoraji.

Harry Johnston anajulikana zaidi kama mtawala. Wanaopenda wanyama wanamjua kwa sababu ya okapi, mnyama wa misitu ya Kongo ambaye jina lake la kisayansi limebeba jina lake, naye alimchora kwa rangi za maji. Inayosahaulika ni shule aliyoanzia: katika miaka ya 1870 alisomea uchoraji katika Royal Academy, London. Mwaka 1884 alikaa miezi kadhaa Kilimanjaro, na kitabu alichokitoa miaka miwili baadaye kilijaa michoro yake. Kwa hiyo ule mlima wa fundi wetu, ukiufuatilia nyuma kupitia mabango, kalenda na vitabu vya wasafiri, utakutana naye njiani. Alikuwa mmoja wa Wazungu wa mwanzo waliouchora na kuupeleka kwao.

Mwaka 1889, sasa akiwa konsuli wa Uingereza, alipanda kutoka Ziwa Nyasa. Pale Karonga kulikuwa na vita kati ya kampuni ya Waingereza ya African Lakes na mfanyabiashara Mlozi, mtu wa Kiswahili na Kiarabu kwa pamoja. Johnston alipatana naye. Kisha akavuka uwanda wa juu kati ya Nyasa na Tanganyika, akiwa na karatasi za mikataba kwa machifu wa njiani, na akafika hadi Ziwa Rukwa, ambalo Wazungu wa wakati ule waliliita Leopold. Katika safari hiyo ndipo nchi yetu, hii ya Momba na Mbozi na jirani zake, ilipotazamwa na jicho lililofundishwa kutazama mandhari. (Miaka sita baadaye Johnston alirudi Karonga na jeshi, akamkamata Mlozi na kumnyonga. Mkono uleule uliochora.)

Mikataba ile iliingia kwenye mizani wakati Uingereza na Ujerumani zinagawana. Tarehe 1 Julai 1890 zilitia saini mkataba ambao Watanzania wengi tunaukumbuka kwa sababu ya Zanzibar na kile kisiwa cha Heligoland. Sisi wa Songwe tuna haja ya kukumbuka kipengele kingine. Mpaka, kilisema, utapanda na Mto Songwe kutoka Nyasa, kisha utatoka hapo kwenda kwenye ukingo wa bonde la Mto Kongo, uufuate ukingo huo, halafu ukate hadi Mto Kalambo na kushuka nao Tanganyika. Hivyo barabara ya Stevenson, ile ambayo Waingereza walianza kuifungua kutoka Karonga kuelekea Tanganyika na hawakuimaliza, ikabaki upande wao.

Ukingo wa bonde la Kongo maana yake nini? Mvua ikinyesha Tunduma, maji ya upande mmoja yanateremka kuelekea Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Maji ya upande wa pili yanaingia Chambeshi, yanapita Bangweulu na Luapula, yanakuwa Kongo na kumalizikia Bahari ya Atlantiki. Mpaka wetu ni paa la nyumba: tone likidondoka huku linakwenda huku, likidondoka kule linakwenda kule. Ni wazo zuri sana ukiwa juu ya ramani. Ila simama pale mpakani, kati ya Tunduma na Nakonde, utazame chini. Huoni paa lolote. Unaona ardhi inaendelea, watu wanaendelea, Wanyamwanga wako pande zote mbili na makaburi ya babu zao yako pande zote mbili. Mwaka 1898 ilibidi tume ya Waingereza na Wajerumani ije kusimika alama, maana bila alama hakuna aliyejua nchi imekatikia wapi.

Nilipokuwa mwanafunzi niliona hiyo ni historia ya mipaka tu. Siku hizi naona pia ni historia ya kutazama. Kitabu kikubwa cha Johnston kuhusu nchi hizi, British Central Africa cha mwaka 1897, kinaanza na sura inayoeleza nchi inavyoonekana. Kabla ya watu, kabla ya historia, kabla ya kodi, kuna mandhari moja baada ya nyingine kama mtu anayepanga picha kwenye maonyesho. Ndani mna michoro yake mwenyewe pamoja na picha za kamera. Ukikipata mtandaoni kitazame, nakusihi, usikikatae kwa sababu ya aliyekiandika. Mkono wake ni mzuri. Mimea anaichora kama mtu anayeiheshimu. Lakini maneno na michoro vinakuweka mahali palepale kila mara: juu kidogo, kando kidogo, unaangalia. Uone usionekane, kama alivyosema Appleton. Kwa Appleton hiyo ni silika ya mwindaji. Kwetu ilikuwa kazi ya konsuli.

Simaanishi kwamba kila anayechora mlima kwa mbali anataka kuuchukua. Fundi wetu wa mabango hataki kumtawala mtu. Ninachosema ni kwamba namna ile ya kutazama, ya mlima nyuma na uwanda mtupu mbele, ilikuja na wageni waliokuwa wakipita, na mpita njia hana haja ya kujua nani anakaa huku. Tuliirithi pamoja na alama za mpaka. Tukaanza kujichora kama wapita njia.

Angalia Tingatinga, kwa mfano. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za madukani juu ya mbao za dari, akauza pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu! Picha zake mwenyewe hazina mandhari kabisa. Ni mnyama mmoja au ndege, amejaa ubao mzima, nyuma yake rangi tupu, labda na tawi. Chui wa Tingatinga hasimami mahali popote. Yeye ndiye mahali. Naziona ni picha kali hadi leo, zina ukaidi fulani. Kilimanjaro, machweo na misururu ya twiga na tembo viliongezeka baadaye, kadiri watalii walivyoongezeka, na hapo ndipo mimi naachana nazo. Si kwamba mafundi wa baadaye hawajui kazi. Wengine wanamzidi mwalimu kwa wepesi wa brashi. Tatizo ni kwamba picha imeshajua nani ataitazama, na kwa siku ngapi, na itapakiwa kwenye begi la ukubwa gani.

Sasa mweke pembeni yake Sam Ntiro. Huyu alizaliwa mwaka 1923 Machame, mlimani penyewe. Alisoma na kufundisha Makerere, akasomea pia Slade, London, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na jumba la sanaa la MoMA la New York, na bado ni mali yao. Mtoto wa Kilimanjaro, na mchoro wake uliofika mbali kuliko yote hauna haja ya kilele cha theluji. Una migomba, giza, na watu wana safari.

Nitasema ukweli: mara ya kwanza nilipoona kazi za Ntiro sikuzipenda. Watu wake wanafanana, hawana sura, wamekakamaa kama vijiti. Vilima vyake ni mviringo kama mikate. Ukimweka kwenye mtihani wa kuchora umbali, Johnston anampita bila jasho. Nilichelewa kuona anachofanya. Kwake ardhi haikai nyuma ya watu kama pazia la studio ya picha. Watu wamo ndani yake, wanalima, wanavuna, wanabeba, na njia zinawapeleka mahali. Muulize Ntiro "nani anakaa huku?" na picha nzima inajibu. Hata usiku wake ni usiku wa watu wanaojua kona zote za njia bila taa.

Kwa hiyo kwenye mashindano yangu madogo, Ntiro anamshinda Johnston, na wote wawili wanaishinda kalenda. Lakini kuna mshindani mwingine, na huyu alifika Tunduma kwa lori.

Baba mdogo kabla ya kufungua duka alikuwa utingo, baadaye dereva, kwenye njia ya Kongo: Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Kasumbalesa, Lubumbashi. Unapeleka mzigo wa bandarini, unarudi na shaba. Safari moja alirudi na picha iliyochorwa kwenye kitambaa cha gunia la unga, imekunjwa nyuma ya kiti. Kijiji kando ya mto, michikichi, moshi unatoka kwenye paa moja, mwanamke anatwanga. Rangi nne tu, tano ukihesabu nyeupe. Mama mdogo hakuitaka sebuleni. Alisema ni picha ya umaskini. Iliishia stoo, ambako panya waliila pembe moja.

Nilikuja kujua thamani yake chuo kikuu, kwa kusoma. Lubumbashi na miji ya migodi ya Katanga, hasa miaka ya 1960 na 1970, ilikuwa na wachoraji wengi waliouza kwa watu wa kawaida. Hawakuuza kwa watalii. Waliuza kwa wafanyakazi wa migodi, makarani, wenye baa. Ilona Szombati na mumewe Johannes Fabian walioishi huko na kuzichunguza picha hizo waliandika mwaka 1976 kwamba wachoraji na wanunuzi walikuwa na neno moja la kusemea kinachoifanya picha iwe na maana, na neno hilo ni letu: ukumbusho. Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alimchorea Fabian historia nzima ya nchi yake katika picha 101, akimweleza kila moja kwa Kiswahili cha huko. Fabian alizitoa katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe alikuwa ameshapotea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Neno hilohilo tunalo Tanzania, tena limeandikwa madukani: vitu vya ukumbusho. Twiga wa mpingo, sahani, Kilimanjaro kwenye ubao. Lakini ukumbusho huo ni wa mgeni, akumbuke alivyofika. Wa Lubumbashi ulikuwa wa mtu aliyetoka kijijini kuja kuchimba shaba na asingerudi tena kuishi alikotoka. Kijiji kando ya mto ukutani kwake hakikuwa pambo. Mgeni akiingia aliuliza, mwenye nyumba akaeleza, na jioni ikapita. Picha ambayo haikuzaa maelezo ilikuwa hasara, hata kama imechorwa vizuri namna gani. Kwa kipimo hicho ile ya stoo ilikuwa picha nzuri iliyopelekwa kwenye nyumba isiyokuwa yake. Hakuna kwetu aliyekuwa na la kueleza kuhusu michikichi.

Na mandhari yetu wenyewe? Tangu Songwe iwe mkoa mwaka 2016, ukitafuta picha yake utaonyeshwa Kimondo cha Mbozi. Nakipenda kimondo, nimekipiga picha kama kila mtu: lile pande la chuma la tani kama 16 pale Ndolezi, lililoripotiwa na mpima ardhi mwaka 1930. Ila ni kichekesho kidogo kwamba kitu kinachotutambulisha kimeanguka kutoka angani. Mito miwili inaitwa Songwe, mmoja unakwenda Nyasa na mwingine Rukwa. Kuna milima ya Ileje. Kuna lile teremko la Kamsamba, ambalo kama lingekuwa kwenye nchi yenye wachoraji wengi lingechorwa hadi lichoke. Mimi sijaona picha yake hata moja kwenye ukuta wowote, isipokuwa ile ninayotaka kuieleza.

Nilimrudia yule fundi mwenyewe, siyo baba mdogo. Nikamwomba aje nyumbani na daftari, akae na bibi, achore atakachoambiwa. Alidhani natania. Bei akaipandisha, nikakubali.

Ilichukua mchana mzima. Bibi hakuanza na mlima wala mto, alianza na mwembe. Kisha nyumba ya mke mwenzie, Mungu amrehemu, ambayo mlango wake uliangalia wa kwake ili waonane wakichambua mchele. Kisha njia ya mtoni. Kisha shamba la mpunga na mahali ambapo boko aliwahi kumtoa mtu mbio, na hapo fundi akataka kumchora boko, bibi akakataa: boko alikuja siku moja tu. Ukuta wa bonde alioutaja mwisho kabisa, fundi alipouliza nyuma aweke nini. "Nyuma kuna mlima," akasema, "lakini usiuweke mkubwa. Hatukuwa tunautazama."

Fundi akaenda, akarudi baada ya wiki mbili na ubao. Nitaipima kama nilivyozipima nyingine. Ni mbaya kuliko ile ya Kilimanjaro. Bonde halina kina, mto umelala kama mkanda ulioangushwa, mwembe ni mkubwa kuliko nyumba zote mbili zikiunganishwa. Fundi mwenyewe aliona aibu, akasema namba yake ya simu asiiandike kwenye kona. Rangi ya ardhi tu ndiyo aliyoipata sawasawa, ule udongo wa mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi. Kumbe ana shangazi Msangano.

Bibi aliomba isogezwe karibu na kitanda. Akaifuata kwa kidole kutoka mlango hadi mwembe, kutoka mwembe kwenda mtoni, kidole kikasimama.

"Njia haipiti hapa. Inapita kushoto kwa mwembe. Huku kulia ni kwa jirani, ana mbwa."

Fundi alichukua brashi palepale chumbani, akaifuta njia kwa rangi ya udongo, akachora nyingine upande wa kushoto. Ile ya kwanza ukisogea bado inaonekana. Ya Kilimanjaro iko dukani kwa baba mdogo, juu ya friji ya soda, na juzi kuna dereva wa Lubumbashi alitaka kuinunua.